Nilivyopewa kazi ya kufundisha uzazi wa mpango kwa sababu sikuwa na mke

Wakuu, nawasalimu wote, wa zamu ya usiku na wa mchana.

Nimesoma ule uzi wa kijana anayeuliza kama akubali cheo ambacho hana experience nacho. Mmempa majibu mengi ya vitabuni. Mimi nitampa la kwangu, na ni la kweli tupu. Aliyekuwepo siku ile na anakumbuka vingine, aje anisahihishe, ingawa wengi wao tulishawazika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa muda kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Nyamira. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa na kuwaambia wasikohoe upande wangu. Nyumbani kwetu ni Kiogoro, nilikuwa na Form Four, na nilikuwa na mchumba.

Mchumba anaitwa Moraa, wa Nyaramba. Mshenga, ambaye sisi tunamwita esigani, alikuwa ameshaenda kwao. Baba yake, Mzee Omwenga, hakukataa na hakukubali. Alisema atatafakari. Wanaomjua walisema huyo mzee akianza kutafakari, ng'ombe huzeeka.

Shikeni hapo. Mke nilikuwa sijampata, na kazi haikuwa ya kudumu.

Sasa ikaja habari kwamba mtaalamu mzungu, mama mmoja mrefu wa kofia pana, anakuja kufundisha wananchi uzazi wa mpango. Baraza litakuwa Nyaramba. Anatakiwa mtu wa kumtafsiria kutoka Kiingereza hadi Ekegusii, na kuendelea na mafunzo akishaondoka.

Boss wetu, Bwana Nyangau, alikuwa ameoa, ana watoto, na somo alilijua. Hakwenda. Dresa mkuu, yule wa kufunga vidonda, naye alikuwa mtu mzima wa wake wawili. Akashikwa na mgongo ghafla. Nesi mmoja akaomba ruhusa ya mazishi, na mpaka leo sijui nani alikufa.

Ndipo nikaitwa ofisini.

"Wewe kijana uko na Kizungu mingi," Bwana Nyangau akaniambia. "Hii kazi ni yako."

Nikamwambia sijui chochote kuhusu hayo mambo, hata mke sina.

"Ndiyo maana. Mimi niko na mama mkwe huko Nyaramba. Wewe uko na nani?"

Posa yangu ilikuwa haijajibiwa, kwa hiyo Moraa sikumtaja. Akaongeza kwamba nikifanya vizuri atanipendekeza niwe confirmed. Nikikataa, kazi ya muda nayo ina mwisho wake. Alisema hivyo kwa upole kabisa, akinimiminia chai.

Kwa wasio wa kwetu, ngoja nieleze kidogo. Sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mtu na mzazi wake hawataji mambo ya chumbani wakiwa pamoja. Na mzazi si yule aliyekuzaa peke yake. Kila mwanamume wa rika la baba yako ni baba, kila mama wa rika la mama yako ni mama. Wakwe ndio usiseme, hapo hata kukohoa kuna utaratibu.

Kwa hiyo watu wote waliolijua somo walikuwa na mtu wa kumuonea haya. Kazi ikamwangukia asiyejua kitu. Baadaye maishani nimeona vyeo vingi vikigawanywa kwa njia hiyo hiyo.

Nilienda nyumbani kuomba ushauri kwa baba. Hapo nikagundua shida nyingine: baba ni baba. Kazi yenyewe sikuweza kumtajia.

"Wanataka nikafundishe watu," nikasema.

"Kufundisha nini?"

"Mambo ya afya."

"Malaria?"

"Karibu na hapo, tata," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita baba.

Baba akafurahi sana. Akasema kazi haikataliwi, mwenye kuchagua jembe hulala njaa. Sabato iliyofuata akatangaza kanisani kwamba mtoto wake sasa anapambana na mbu kwa niaba ya serikali. Watu wakaniombea.

Baada ya kuombewa hivyo ningekataaje? Nikakubali. Nilijipa moyo kwamba Mzee Omwenga si mtu wa barazani, atakuwa kwenye shamba lake la chai.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Chifu alikuwa ametuma watu wake nyumba kwa nyumba, na enzi hizo chifu akikuita huna shamba wala mgonjwa. Mstari wa mbele kabisa, na fimbo yake katikati ya magoti, nani kakaa? Mzee Omwenga.

Mzee wa kanisa akafungua kwa maombi. Hakuwa ameambiwa mada. Akamuomba Mungu awajalie wana Nyaramba uzao mwingi kama nyota za mbinguni, na baraza zima likaitikia amina. Mzungu naye akaitikia. Sikumtafsiria.

Kisha mzungu akasimama akazungumza kuhusu mashamba kugawanywa vipande vipande na watoto kukosa maziwa. Hayo niliyatafsiri vizuri, wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikaanza kufikiri labda tutamaliza salama.

Halafu akakunjua mchoro.

Wakuu, ulikuwa mkubwa kama mlango, wa kitambaa, na msanii hakuficha kitu. Mzungu akaelekeza kijiti, akasema sentensi ndefu, akanigeukia.

Nilimtazama Mzee Omwenga. Alinitazama. Akavaa kofia, akachukua fimbo, akasimama, akaondoka bila neno. Niliona mgongo wake ukipita katikati ya watu nikajua ndoa yangu inaondoka nao. Nilitamani kulia pale pale mbele ya serikali.

Lakini mshahara ulikuwa umesimama kando yangu na kijiti mkononi. Nikafungua mdomo, nikatafsiri.

Wazee wa rika lake wakamfuata. Kina mama wakachukua vikapu vyao, macho chini. Vijana wenzangu walikuwa wametoweka zamani, maana kila mmoja alimuona mzazi wake pale. Chifu peke yake hakuweza kuondoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita baraza. Alikigeuza kiti chake, akatazama mashamba ya chai mpaka mwisho wa mkutano.

Unadhani uwanja ulibaki mtupu? Walibaki bibi na babu.

Bibi na mjukuu kwetu hawana chinsoni. Hao wanataniana, tena bibi humwita mjukuu mume wake. Wakasogea mbele na vigoda vyao, wengine hawana jino hata moja, wakakaa kama watu waliofika harusini.

Mbele yao alikuwa bibi mmoja, magokoro kwa lugha yetu, aitwaye Kerubo. "Mume wangu, endelea," akasema. "Hao waoga wameenda."

Basi nikawafundisha uzazi wa mpango watu ambao mwana wao wa mwisho alikuwa na mvi. Waliuliza maswali ambayo siwezi kuandika hapa, moderator atanifungia.

Magokoro Kerubo akauliza, "Haya unayosema, wewe umeyajaribu?"

Mzungu akataka kujua bibi amesema nini. Nikamwambia anauliza kama kuna experience ya kutosha. Akafurahi, akaniambia nimjulishe kwamba Ulaya yamejaribiwa sana.

Nikatafsiri: "Amesema Ulaya walijaribu."

Vikongwe walicheka mpaka mmoja akainuliwa.

Mzungu alirudi Nairobi ameridhika. Ripoti yake ilisema wananchi wa pale ni watu wazima, watulivu na wenye kiu ya elimu. Nikawa confirmed. Bwana Nyangau akapongezwa kwa kuchagua mtu anayefaa, na mgongo wa dresa ukapona.

Mimi nilikuwa nakonda. Sikuthubutu kutuma mtu Nyaramba. Ningesema nini? Kwamba yule kijana aliyetaja yale mbele ya baba mkwe anaulizia binti?

Siku moja esigani wangu akanijia kituoni, amekasirika.

"Mzee Omwenga anauliza kwa nini mmenyamaza. Anasema mlete ng'ombe."

Nikamwambia si aliondoka barazani kwa hasira?

Akanitazama kama mgonjwa. "Kwa hasira? Hujui kwenu? Mpaka siku ile alikuwa anatafakari kama wewe ni wa kwake au ni mtu wa nje. Mtu wa nje hata aseme nini, unakaa unasikiliza. Ulipoanza, mzee alijiona hawezi kukaa. Alifika nyumbani akamwambia mama Moraa, 'Yule ni mtoto wangu, nimeondoka.' Angebaki pale, ungekuwa huna mke."

Wakuu, nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikacheka huku machozi yananitoka.

Halafu kina dada wa Nyaramba wakaanza kuja kituoni, mmoja mmoja. Ukimuuliza nani amekuambia, anasema bibi. Kumbe hata zamani somo hilo lilikuwa la bibi, ila sisi wa ofisini hatukuwa tumeambiwa.

Kwa hiyo kijana, ushauri wangu ni huu. Ukipewa kazi usiyoijua, usihangaike sana kujiuliza kama unaiweza. Waliokupa hawakujiuliza. Angalia kwanza wanaoijua wamekimbia nini, kisha uliza nani atakaa mstari wa mbele. Ukishajua hayo mawili ukiikubali, usilaumu mtu.

Mnaotaka kujua kama somo lilinisaidia: mimi na Moraa tulipata watoto tisa. Ulaya walijaribu.

Haya, nanyi semeni. Nani hapa alishapewa kazi kwa sababu ndiye pekee asiyeijua? Ila kama baba mkwe wako ni member humu, mngoje kwanza avae kofia.