Taa za Pikapu ya Maziwa

Nikiikumbuka Njoro ya mwaka wa 2008, mwanangu, kwanza nakumbuka ukungu. Mume wangu alikuwa amevunjika mguu, na mimi, bibi arusi wa juzijuzi mwenye leseni mpya, ndiye niliyebaki wa kupeleka maziwa Nakuru alfajiri. Nilitamani sana wakwe zangu waone kwamba naweza. Lakini taa za pikapu yetu zilikuwa zimefifia, za njano kama chai, na mwanga wake haukufika mbali.

Siku iliyotangulia safari yangu ya kwanza nikajifunga leso kiunoni. Nikaziosha taa kwa sabuni, nikabandika selotepu pembeni nisije nikakwaruza rangi ya gari, kisha nikaanza na ya kulia. Niliisugua kwa msasa laini uliolowa maji, maji ya njano yakitiririka hadi bampa, nikamalizia kwa dawa ya meno na kitambaa. Iling'aa! Nilifurahi mno, na mikono ilikuwa inauma, basi ya kushoto nikaiahirisha hadi Jumapili. Nikamwita mama mkwe aje aone.

Aliinama, akaikagua.

"Imetoka safi, siwezi kukudanganya," akasema. "Lakini kwa ukungu, hiyo moja tu ndiyo itaonekana. Mtu wa lori atadhani ni pikipiki inakuja, akuletee lori yake yote upande wako. Wewe unataka tu kuona barabara. Na wewe utaonekana aje?"

Niliona haya, mwanangu. Yeye alikunja mikono ya sweta, akachukua msasa, tukaisugua ya kushoto pamoja tukicheka. Mwisho tukazipaka zote nta ya gari, jua lisizirudishie unjano upesi.

Kesho yake, kwenye kona, lori lilitokea ukunguni likiwa katikati ya barabara. Likaniona, likarudi upande wake. Nilipita salama na mitungi yangu yote ya maziwa. Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa langoni. Hakuuliza habari za maziwa. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Umerudi, mwanangu." Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba nina mama hata kule Njoro nilikoolewa.

Basi ukisafisha taa, safisha zote mbili siku hiyo hiyo. Na katika maisha yako usiridhike kwamba wewe unaiona njia. Mfikirie na anayekuja mbele yako, umwonyeshe mapema ulipo na unakoelekea. Mungu akufikishe salama kila uendako, na akurudishe kwa wanaokupenda.