Siku Shemeji Alipoosha Vikombe vya Kambi

Waandishi wamejaa tele, wenye miwani na kompyuta zao, lakini anayesumbuliwa ni mimi niliyeishia darasa la tatu. Eti niandike habari za mdogo wangu, mlinzi wa kambi. Kwani yeye hana mkono? Haya. Naandika mara moja tu, na atakayetaka kunisahihisha aje tuonane uso kwa uso.

Mdogo wangu tunamwita Kobe. Si mvivu, ni mtu asiyekurupuka. Miaka ishirini na miwili anatunza kambi ile ya mlimani, isiyo na umeme wala mtandao wa simu: uwanja wa mahema, vyoo viwili vya mbao, bomba moja la maji baridi na kibanda chake. Kwenye ukuta wa kibanda amepigilia misumari arobaini. Kila mgeni akifika hupewa kikombe cha bati chenye namba. Ukipanda kileleni, unakitundika. Ukirudi, unakitoa na kumiminiwa chai. Daftari la nini? Kikombe kikiwa ukutani, mwenyewe yuko juu.

Wikiendi ile ya sikukuu kambi ilijaa, vikombe vyote vikagawiwa. Shemeji yake, dada wa mkewe, akaja kumsaidia kazi. Mwanamke yule mikono yake haitulii. Akiona uchafu anaona katukanwa.

Saa kumi alasiri Kobe alirudi kutoka kuchanja kuni. Kutupa jicho ukutani, mzigo ukamponyoka. Vikombe arobaini vimetundikwa kwa mpangilio, vinang'aa kama vya harusi. Na wageni anawaona pale pale, wanacheza karata!

"Shemeji, nani kagusa vikombe?"

"Ungeanza na asante. Vilikuwa masizi matupu, vingine vimezagaa kwenye nyasi. Nimevisugua vyote kwa majivu."

"Na vile vya ukutani?"

"Hivyo ndivyo nilivyoanza navyo."

"Vilikuwa vingapi?"

"Mimi nilikuwa naosha, shemeji. Sikuwa nahesabu."

Ukungu ulikwisha kumeza kilele na ulikuwa unateremka. Ukifika kwenye korongo njia haionekani, mtu anakanyaga hewa. Kobe akaupima kwa macho. Nusu saa, haizidi. Akapuliza filimbi.

"Kila mtu asimame mbele ya hema lake!"

"Mzee, tumekuja kupumzika, siyo jeshini," akasema kijana mmoja. "Na leo ndiyo kwanza nimeshika karata za maana!"

"Simama, baba. Utanitukana baadaye, nitakaa chini nikusikilize."

Wakasimama wakinung'unika. Mmetimia? Tumetimia. Na ninyi? Tumetimia. Akapata thelathini na nane. Akarudia, mama mmoja akatoka chooni: thelathini na tisa. Lakini hakuna aliyelalamika kwamba mwenzake hayupo.

Shemeji ndiye aliyeliona hema dogo la kijivu, pembeni kabisa, zipu imefungwa. "Na hili?" Lilikuwa la mwalimu mstaafu, aliyekuja peke yake.

Kobe akachukua kamba, akapanda. Shemeji nyuma.

"Rudi!"

"Sirudi. Nimeharibu mimi."

Kila hatua ishirini wanasimama, filimbi inalia, wanasikiliza. Kimya. Ukungu ukawafunika hata viatu vyao hawavioni.

"Puliza tena."

"Si nimepuliza sasa hivi?"

"Puliza, nimesema!"

Akapuliza. Chini, kushoto, jiwe likagonga jiwe. Mara tatu.

Walimkuta mwalimu amekaa, kifundo cha mguu kimevimba, na ukingo wa korongo uko mkono mmoja tu kutoka alipo.

"Sikuwa na wasiwasi," akasema, meno yanagongana. "Nilijua kikombe changu kitawaambia."

Kobe akamkonyeza shemeji anyamaze. Wapi!

"Hakikusema kitu, mwalimu. Nilikiosha."

Mwalimu akamtazama. "Basi nani aliwaambia sipo?"

Kobe akamfunga kamba kiunoni, shemeji akamwegemeza begani upande mmoja, wakashuka hatua kwa hatua mpaka walipoziona kandili za kambi.

Nimemaliza, na mkono unaniuma. Sasa zamu yako. Pale mtaani kwako yupo mtu anayeishi peke yake, na unamjua. Inuka ukapige hodi, kisha uje uniambie umemkuta anafanya nini. Usiniambie kesho.