Mtoa Ishara Wangu

Ukiwa juu ya winchi humsikii mtu. Unaona mikono ya mtoa ishara tu: pandisha, shusha, simama. Kazi hiyo ya kuendesha winchi niliifanya Gitega miaka miwili, kwa ujuzi niliotoka nao Tanzania, nilikokulia katika kambi ya wakimbizi kabla ya kurudi nchini kwetu, mpaka bosi akasema asiye na leseni atashuka mwisho wa mwezi. Na mimi nikishuka niende wapi? Shamba letu la Buhinyuza halimtoshi hata mama.

Nikaenda kuomba leseni. Macho wakanipima, masikio wakanipima, maswali nikayajibu. Likabaki jaribio la kunyanyua mzigo. "Njoo na mtoa ishara wako," akasema mkaguzi.

Jioni nilimfuata mtoa ishara wa kazini kwetu pale anapokunywa na wenzake. Nikasimama mbele yao, nikaeleza shida yangu. "Nta kibazo," akajibu kwa tabasamu, hakuna tatizo, atakuja.

Hakuja. Loo! Nilisimama uwanja wa jaribio peke yangu, nageukia kila pikipiki inayopita. Hata kambini sikuwahi kuwa mpweke vile. Mkaguzi akanihurumia, akanipa wiki nyingine.

Nikapanda basi la Muyinga, nikafika Buhinyuza kwa mama. Akanisikiliza, akaguna. "Ulikwenda kumwomba mtu mikono mitupu? Tena umesimama? Mwanangu, Tanzania imekuharibu! Hapa mtu hakatai mbele za watu. Anakubali, halafu haji." Akanifungia dumu la pombe ya ndizi.

Niliporudi Gitega nilimfuata tena pale pale, safari hii nikaketi naye. Tukanywa, tukaongea mvua, tukaongea maharagwe, ombi sikuligusa. Dumu lilipofika nusu, mwenyewe akasema, "Haya, sema sasa."

Siku ya jaribio alikuja, na mzigo ulipanda na kutua bila kuyumba. Leseni nikapewa. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "We kila siku uko juu, jioni unapita tu. Mi nilijua unatudharau, bwana."

"Mimi? Si ninyi mlioniita Mtanzania?"

Akacheka. Mimi aibu ilinishika. Mikono ya mtu huyu nilikuwa naijua kidole kwa kidole, na sikuwahi kumwuliza habari za nyumbani kwake. Nikamwuliza ana watoto wangapi.

"Walikuwa watatu," akasema. "Vita iliisha, nikarudi, sikukuta mtu. Unaona nakaa pale kwenye pombe mpaka wafunge? Nyumbani hakuna mtu wa kunifungulia mlango."