Majivu Kwenye Bomba la Landhi

Bomba likiziba, jambo la kwanza si kushika kifaa. Jambo la kwanza ni kujua limeziba wapi. Hilo nilijifunza mwenyewe, miaka ya hamsini, nilipokuwa fundi wa mabomba katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi. Aliyenitangulia aliniachia mpira wa kuzibulia na fito za mwanzi zenye viungo vya shaba, basi. Nikazoea kufunua mashimo ya ukaguzi, moja baada ya jingine. Likiwa la juu limejaa na la chini yake ni kavu, kizuizi kiko kati yao. Unaingiza ufito kutoka shimo kavu, na kila wakati unauzungusha kuelekea kulia. Ukiuzungusha kushoto, kiungo hufunguka, kipande kikabaki ndani, na sasa una vizuizi viwili.

Kwa muda mrefu niliishi peke yangu. Mke wangu alibaki milimani akilima, kama wake wa Wataita wengi tuliofanya kazi ya mshahara huku chini. Binti yetu alikuwa ameolewa. Jioni nilipika, nikala, nikasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, kisha nikasikiliza treni ya Taveta ikiingia stesheni. Nilijua sauti ya kila bomba katika safu yetu ya nyumba, lakini sikujua majirani walikuwa wakizungumza nini.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, mke wangu akakubali kushuka. Alikuja na kikapu na jembe lake. Jembe akaliegemeza nyuma ya mlango.

"Nitakaa mpaka mvua," alisema. "Nikiona panakalika, shamba nitamwachia dada yangu. Nisipoona, utanisindikiza."

Mwanzoni hapakukalika. Joto lilimsumbua, na vumbi jekundu lilirudi kila alipomaliza kufagia. Majirani walitoka pwani, Ukambani na kando ya ziwa, na kila mmoja alikaa kwake. Yeye Kidawida, lugha yetu Wataita, ndicho kilichokuwa chake. Kiswahili alikiona haya. Nikirudi kazini nilimkuta ndani, mlango umefungwa, kama ninavyokaa mimi.

Kisha akaosha masufuria.

Kwetu milimani masufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga, ndani na nje, mpaka yang'ae, halafu huanikwa juani. Mpita njia huyatazama hayo kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Mke wangu alisugulia yake kwenye sinki la zege uani, akayapanga juu ya ukuta mfupi. Jirani wa kwanza kuyaona alikuwa mke wa fundi wa injini, mwanamke wa pwani.

"Mama wee! Haya mwayanunua kila mwezi?"

"Ni ya zamani. Ni jivu tu."

"Jivu gani hilo? Langu mie laniingia machoni tu nikipuliza moto!"

Jumamosi iliyofuata alikuja na sufuria lake. Nyuma yake akaja jirani Mkamba, na sufuria jeusi kama tumbo la injini.

"Dada, hili si sufuria," mke wangu alimwambia. "Hili ni kaa lenye mkono."

Walicheka mpaka nikaacha nilichokuwa nikisoma. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi uani kwetu kulijaa wanawake. Kiswahili chake kililegea, tena kikaanza kuchukua maneno ya pwani. Siku moja nikaona jembe halipo nyuma ya mlango. Alikuwa amelisukuma chini ya kitanda. Siku ile nilifanya kazi kwa furaha.

Kisha bomba la safu yetu likaziba. Nilianza na sinki letu. Nilijaza maji mpaka yakafunika mpira, nikasukuma polepole na kuvuta kwa nguvu. Hakuna. Nikafunua mashimo, nikapata sehemu yenyewe, nikaingiza ufito. Ulisimama kwenye kitu kigumu. Mafuta hukubali ufito na matambara huunasa, hiki kiliugonga. Nikafunga kichwa cha kukwangulia, nikavuta bonge la kijivu lenye matabaka ya mafuta, gumu kama saruji. Nililitambua kabla sijalivunja.

Jirani wa pwani alikuwa amesimama mlangoni pake. "Fundi! Wazibua kwa watu wote, kumbe chanzo ki kwako!"

Wote walicheka, mke wangu pamoja nao.

Dawa kali ya kumwaga isingefaa. Majivu na mchanga haviyeyuki, na mafuta yakikutana na dawa ile yaweza kuganda zaidi. Nilikwangua mpaka bomba likawa wazi. Halafu nikatoboa debe, nikalitandika gunia ndani, nikaliweka chini ya tundu la sinki. Majivu yalibaki kwenye gunia, maji yakapita kwenda bombani. Jumamosi ziliendelea.

Mkaguzi wa afya alipopita, alisimama mbele ya debe lile.

"Mbu watazaana humu."

"Bwana, maji hupita. Hayakai."

"Mimi naona yamekaa."

"Wameosha sasa hivi, bwana."

"Fundi, nikirudi nisikute debe, nisikute majivu."

Sikuweza kumlaumu. Homa ya malaria ilikuwepo, na maji yalipita polepole kuliko nilivyomwambia. Nilimweleza mke wangu. Alisikiliza, akauliza kama sabuni ya kipande imeruhusiwa. Nikasema ndiyo.

Basi kila mwanamke akaosha kwake kwa sabuni ya kipande. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Walimsalimu mke wangu vizuri tu wakipita. Jumamosi moja alichemsha chai, akamwita jirani wa pwani. Akaja, akanywa, wakaulizana habari za nyumbani. Bila kitu mikononi, maneno yaliwaishia mapema, na mgeni akakumbuka kwamba ana chungu motoni.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa milima ya Ndara. Jioni moja nilipofungua mlango, uligonga jembe.

Nilimsindikiza mpaka kwenye lori la kupanda milimani.

"Panakalika," aliniambia. "Ila mikono haina pa kukaa."

"Utarudi baada ya mavuno?"

"Nitaona. Kule jivu halijakatazwa." Akatabasamu, akapanda, akalipakata jembe.

Jumamosi nilikagua safu yetu kama kawaida, nikaanza na nyumba yangu. Chini ya sinki kuna kona ya bomba ambayo hubaki na maji ili kuzuia harufu, na uchafu wote hutua pale kwanza. Nikaweka karai, nikafungua kona ile, nikaingiza kidole. Hapakuwa na jivu wala mchanga, maji tu. Nikaifunga, nikafungulia mfereji. Maji yakateremka bila kukwama. Nikabaki nimeinama pale nikiyasikiliza mpaka yakafika shimo la mwisho.