Matokeo ya Gasana

Hutaniamini, na wala sikulazimishi. Hapa Kamembe watu husema mimi nina bongo nyingi. Mtu wa pwani akisikia hivyo atadhani wananisifu akili, anipe na mkono. Kwetu huku, upande huu wa Rusizi na ule wa Bukavu, bongo ni uwongo. Basi wewe shika maana unayoipenda. Mimi nitakusimulia habari ya mama mmoja wa Mururu aliyepima mafuta ya gari kama mtu anavyopimwa mkojo, na gari likajibu.

Jina lake Mukamurenzi, ila ukimwita hivyo njiani hatageuka. Ni Maman Shimwa. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akarudi huku akiwa mke wa mtu, akafanya kazi ya kuzalisha kina mama kule Bweyeye, kando ya msitu, ambako barabara ikipigwa na mvua inakuwa uji. Mumewe Gasana ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha, kwa gari dogo la kijivu ambalo dereva mwenye akili timamu asingethubutu kulitoa kwenye lami. Viti vya gari hilo nilivishona mimi, Akilimali, baba yake Ridhwani. Na kama kuna anayeshona kiti vizuri kunishinda kati ya hapa na Kigali, basi amejificha.

Gasana alifariki. Shimwa, mtoto wao wa pekee, yuko Kigali kwenye ofisi ya vioo. Nyumba ya Mururu ikabaki na mama, kuku wake, na gari uani.

Sasa kila asubuhi, saa ile ile Gasana aliyokuwa akitoka, majirani husikia gari likiwaka. Linanguruma muda wa kusali fungu moja la rozari, halafu linazimwa. Langoni halitoki. Ukimuuliza atakwambia, "Ninalipasha moto tu, betri isife." Nami niliamini kama wengine, mpaka siku niliyompelekea kitambaa cha kiti nikamkuta yumo ndani. Hakuwa upande wa usukani. Alikuwa kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani, mkanda ameufunga. Ufunguo alikuwa ameuzungusha kwa kunyoosha mkono juu ya kile kiti kitupu. Alikuwa akitazama mbele, na mbele hapakuwa na kitu ila ukuta wa matofali.

Nilirudi kinyumenyume mpaka langoni, nikakohoa kama mtu anayefika sasa hivi. Mimi ni mtani wa watu, lakini ulimi wangu nao una siku zake za kulala.

Mvua za Aprili zilipokwisha, moteri, injini yenyewe, ikaanza kugonga. Tak, tak, tak, kama mtu anayebisha mlango asijibiwe. Fundi Valens alikuja, akatega sikio juu ya boneti, akajifuta mikono kabla hata hajaichafua.

"Maman, beringi za ndani zimekwisha," akasema. "Iyi moteri haina maisha."

Shimwa akapiga simu siku hiyo hiyo, nami nikiwa mezani kwa mama. "Maman, tuuze vipande vyake tu. Iko mtu ninamujua, nitakuja naye."

"Sawa, mwanangu."

Akaweka simu mezani. Chai yake ilikuwa imeshika utando juu, hakuigusa. Nikadhani amesahau kwamba nipo.

"Wakilichukua," akasema, "nitakuwa naamka kufanya nini?"

Mimi sikusoma sana, shule niliipitia kama mtu anayepita sokoni bila kununua. Lakini nilimwambia, "Maman Shimwa, weye umefanya kazi ya hospitali. Iko muntu anazikwa kwa sababu fundi ametega sikio kifuani tu, bila kupima damu?"

Akamkumbuka Teta, msichana aliyempokea kwa mikono yake kule Bweyeye, ambaye sasa yuko Kigali kwenye maabara ya kupima mafuta ya malori na majenereta. Akampigia. Teta akamweleza kwa upole, kama anayemsomea bibi yake: vyuma vya ndani vikisagana, unga wake hubaki kwenye mafuta, na kila chuma kina unga wake. Beringi zikiisha, unga wa risasi na shaba utaonekana. Shimwa akakubali kungoja, kwa shingo upande. Majibu yakisema ni beringi, gari linaondoka.

Kuchukua mafuta ilikuwa kazi yangu. Nilikuja na kichupa cha mafuta ya pilipili, nimekiosha vizuri kwa sabuni.

"Papa Ridhwani, unataka batoto ba Kigali baseme gari yangu inawasha mudomo?"

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha kupimia mkojo, cha plastiki, kimefungwa bado, kilichobaki tangu enzi za kazi. Tukaliwasha gari kwanza, mafuta yachanganyike. Nikalala chini, nikalegeza nati ya kumwagia mafuta. Yeye alisimama juu yangu, mikono kiunoni, kama vile mimi ndiye ninayejifungua.

"Ya kwanza acha imwagike. Ya kwanza inabeba uchafu wa mlangoni. Kamata ya katikati."

"Maman, hivyo ndivyo munaambiaga wagonjwa chooni."

"Ni kitu kimoja. Funga, usimwage."

Nimepimwa mkojo mara nyingi maishani mwangu, sikujua kumbe najifunza ufundi wa magari. Kikombe kilikuwa na karatasi ya kuandika jina. Aliandika haraka, kwa mwandiko ule wa zamu, akakifunga ndani ya mfuko, kikapanda basi la Kigali.

Jumamosi Shimwa akaja. Mnunuzi wake alikuwa Kamembe anangoja kuitwa. Tulikuwa sebuleni sisi watatu simu ilipolia, mama akaiweka kwa sauti tusikie wote.

"Maman, ni Teta. Nina matokeo ya Gasana."

Ujue kwamba Gasana alipougua, damu yake ilipelekwa Kigali, na majibu yalifika sisi tumekwisha kutoka makaburini. Kwa hiyo maneno hayo nyumba ile ilikuwa imeshayangoja mara moja, yakachelewa.

"Maman, uko? Kwenye kikombe mumeandika Gasana."

Maman Shimwa alitazama mkono wake wa kulia, ule ulioandika. Kisha akaisogeza simu.

"Soma, mwanangu. Gasana yuko aje?"

"Risasi ni kidogo, shaba kidogo. Beringi ni nzima. Chuma kiko juu, lakini hiyo ninaona ni kutu. Shida ni mafuta yenyewe, yamejaa maji na petroli, yamekuwa mepesi kama chai. Ndiyo maana inagonga. Maman, iyi gari inatembeaga?"

"Hapana."

"Lakini inawashwa."

"Kila asubuhi. Ninaipasha moto."

"Haipate moto, Maman. Inaamka, na kabla haijapata joto inazimwa. Maji na petroli vinabaki ndani. Hata kulala tu ingekuwa afadhali. Mumwage ayo mafuta, muweke mapya, na iende mbali."

Teta akaaga. Shimwa alikuwa amegeuka.

"Kila asubuhi, Maman? Unaendaga wapi?"

"Hakuna."

"Sasa unafanyaga nini ndani?"

"Ninakaa tu. Saa ile gari inapata moto ndiyo tulikuwa tunaongea na baba yako. Barabarani alikuwa ananyamaza, sababu ya makona."

Shimwa alitoka nje kumpigia mnunuzi asije. Alikaa huko muda mrefu kuliko simu yoyote inavyodumu. Mimi nilihesabu mbao za dari.

Jumapili alirudi Kigali. Valens akaweka mafuta mapya bila kunitazama usoni. Asubuhi iliyofuata, saa ile ile, nilimkuta Maman Shimwa amesimama karibu na mlango wa dereva. Leseni anayo, Gasana ndiye aliyemfundisha, kwenye matope yale yale ya Bweyeye. Akafungua, akaketi, miguu haikufika. Gasana alikuwa mrefu, na tangu aondoke hakuna aliyekigusa kiti kile. Alishika wenzo wa chini, akangoja, kisha akavuta. Kiti kikalia kwenye reli zake, kikasogea mbele. Akabaki hivyo, mkono bado uko chini.

"Papa Ridhwani, panda."

Nikapanda upande wake wa zamani. Sponji niliyoikata mimi mwenyewe ilikuwa imeshika umbo la mtu mwingine.

Sasa analiendesha. Hushuka Cyangugu ziwani, hupanda hadi karibu na msitu, peke yake mara nyingi. Mafuta yamepimwa tena. Safari hii kwenye kikombe aliandika "gari", na Teta akasema petroli imetoweka na beringi ni nzima. Shimwa hazungumzii tena vipande. Lakini akirudi nyumbani bado hukaa kidogo ndani kabla ya kuzima, namwona, nami hupita kama sijaona.

Haya ninayaandika mezani kwake, yeye yuko nyuma yangu anachambua maharage, jicho moja kwenye karatasi yangu, kwa hiyo nimalizie kwa uzuri wa safari ile ya kwanza. Tulipoingia Bweyeye, habari ilikuwa imetutangulia. Wote aliowapokea kwa mikono yake walikuwa wamejipanga kandokando ya barabara, wazee kwa vijana, mamia kwa mamia, wanaimba jina lake, na waliposikia ile moteri wakaanza kulia na kulikumbatia gari, mpaka ikabidi mimi nishuke ni—

"Bongo. Alikuwa mama mumoja na mbuzi yake. Na alituuliza tunatafuta nani."