Hodi ya Mzee wa Funguo

Jumba la tajiri wa zamani sasa ni makumbusho ya sanaa, na vyumba vyake vya kulala havina ila picha ukutani. Hata hivyo mzee wa funguo hafungui mlango bila kubisha. Hufuta viatu, hukohoa kidogo, hubana funguo pajani zisilie, kisha husema, "Hodi." Akishangoja jibu lisilokuja, ndipo hufungua.

"Unambishia nani, mzee?" binti wa tiketi alimuuliza.

"Mwenye chumba, mwanangu."

Hakucheka, na binti hakujua kama acheke.

Asubuhi moja binti alipitia mlango wa barazani, akawa anapangusa fremu katika chumba cha bibi mwenye nyumba. Hodi ikaja. Mdomo ukamponza: "Karibu!"

Kisha funguo zikalia, zote kwa pamoja, na mzee akasikika akiwarudisha wageni ngazini: "Jamani, leo hapaingiliki. Mwenyewe yumo."

Binti akabaki na kitambaa mkononi, hajui atoke au akae. Mwisho akajikuta anabisha mlango kutoka ndani.

"Naam, bibi," mzee akaitikia. "Niingie sasa?"