Binamu Yangu na Mbuzi wa Chuma

Nilianza kugombana na mwalimu siku ya pili ya mafunzo, na sababu ilikuwa mikebe.

Tulikuwa Eliye Springs, hapo kando ya ziwa, miezi mitatu ya kujifunza kutengeneza injini za boti. Mimi nilitoka Lodwar, mwanamke fundi wa pikipiki. Pikipiki hakuna mtu alinifundisha. Nilifungua ya kaka yangu bila kumuuliza, ikalala vipande vipande nyuma ya nyumba wiki mbili, na siku ilipowaka nilipiga kelele mpaka majirani wakafikiri nimeumwa na nyoka. Kwa hivyo nilifika Eliye nikijiona najua.

Nilikuja na binamu yangu, mtoto wa shangazi, mchungaji wa mbuzi kutoka upande wa Lorugum. Mtu mkimya sana huyo. Ukimsalimia ejok anakujibu ejok, na hapo mazungumzo yameisha. Shule hakwenda. Mimi ndiye nilimjazia fomu, na pale walipouliza kiwango cha elimu nikaandika "anajua mambo mengi." Sijui nani alisoma, lakini walimchukua.

Alitaka hiyo kazi kuliko sisi wote. Mke wake alikuwa anakausha samaki hapo Eliye na mama yake, na kwa miaka miwili binamu alikuwa anamwona tu wakati mbuzi wamemruhusu. Mwenye karakana ya boti alisema atachukua wanafunzi watatu watakaofaulu. Akipata, anahamia kwa mke wake. Akikosa, anapanda pikap arudi Lorugum. Aliniambia hayo mara moja tu, njiani, akiangalia nje, na mimi nikaapa kimoyomoyo kwamba mtu akimzuia atanijua.

Sasa mwalimu. Alikuwa fundi wa miaka mingi kutoka Homa Bay, na alikuwa na sheria moja: ukitoa boliti, weka kwa mkebe, andika namba juu ya mkebe. Ukifunga injini unafuata namba. Binamu yangu alipewa mikebe kama sisi wote. Akaipanga vizuri kando, tupu, halafu akatandika turubai chini ya mti wa mkoma na kulaza vipande vyake hapo, kimoja kimoja, vingine viwili viwili, kingine peke yake pembeni.

"Mikebe yako iko wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Iko."

"Iko wapi?"

"Pale."

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Mwalimu akaandika sifuri. Mimi nikasimama nikamwambia kwani injini inauliza mkebe ndio iwake. Akaniambia nikae. Nilikaa, lakini kwa kelele.

Mtihani wa kwanza binamu akafeli, ingawa injini yake iliwaka. Hakuna namba, hakuna alama. Mwalimu akasema Ijumaa kuna mwingine, na safari hii, mikebe iandikwe au mtu aende nyumbani.

Basi mimi nikaamua kusaidia. Mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa. Ijumaa, binamu alikuwa ameshafungua injini, kila kitu kimelala kwa turubai. Akaenda na ndoo kuleta maji ya pipa, ile tunatumbukiza injini tukiijaribu. Mimi haraka haraka nikazoa vipande vyote, nikatia kwa mikebe, nikaandika namba nzuri kubwa. Nilikuwa nafanya yangu pembeni, kwa hivyo mikono ilikuwa inakimbia huku na huku.

Akarudi. Akaangalia turubai. Akaweka ndoo chini polepole.

"Nani ameingia kwa boma?"

"Nimekusaidia," nikamwambia. "Sasa utapita."

"Umewatawanya," akasema. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akainamisha mkebe wa kwanza, akamwaga, akaanza kupanga upya. Hapo ndipo mwalimu akafika, akaokota mkebe mmoja, akausoma kama barua.

"Hii saba yenye mkia naijua. Ni ya huyu dada mwenye mdomo." Akatuangalia wote wawili. "Mmeiba mtihani. Mtoke."

Sitaandika yote niliyomwambia. Nilimwambia kuhusu sheria yake, kuhusu mikebe yake, na kuhusu ziwa lao kule Homa Bay kwamba lina magugu. Mengine yalikuwa ya kweli. Nilikuwa bado naendelea wakati mwenzetu mmoja alinishika mkono. Yeye ni mama wa Sudan Kusini, anaishi Kakuma, kule alijifunza kuchomelea vyuma. Alikuwa hapandishi sauti hata akiungua.

"Ukti, khalas. Dada, basi," akaniambia. "Kila neno unasema, ni yeye unamfukuza."

Nikakaa chini. Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, na wewe. Muulize basi. Tangu tuje hapa hakuna mtu amemuuliza anafanya nini na hiyo turubai."

Mwalimu akachuchumaa kando ya turubai. Akauliza. Na binamu yangu, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno ishirini kwa mkupuo, akaongea huku akimalizia kupanga. Huyu mrefu ndiye kiongozi, anatoka wa mwisho na kurudi wa kwanza. Hawa wawili ni mapacha, hawaachani. Huyu mwenye kutu ni mzee, usimsukume. Hawa wadogo wanalala karibu na mama yao, pampu ya maji.

"Jumla ni ngapi?" mwalimu akauliza.

"Sijui."

"Hujui boliti zako ni ngapi?"

"Mbuzi hatuhesabu. Unaangalia tu, unajua nani hayuko."

Mwalimu akamwambia aende aangalie ziwa kidogo. Akiwa huko, mwalimu akatoa kichuma kidogo kama punje ya mtama, kile kinachoshika feni ya pampu, akatia mfukoni. Halafu akachukua boliti moja kwa mkebe wangu, saizi ile ile, akabadilisha na ya binamu. Akamwita.

Binamu alisimama juu ya turubai. Mimi nilikuwa nimejishika mdomo kwa mikono miwili, kweli kabisa.

"Yule mdogo wa pampu ameibiwa," akasema. "Na huyu ni mgeni. Ametoka kwa boma la dada."

"Wacha, huyo ni wako," mwalimu akasema.

"Hapana. Angalia kichwa. Dada anakaza kwa hasira, amewatafuna wote masikio, kona zimelika."

Walicheka mpaka yule mama wa Kakuma akakaa kwa mchanga. Mimi pia, baada ya muda. Mwalimu akatoa kile kichuma, akatuonyesha. Akasema bila hiki pampu haizunguki, injini inaungua katikati ya ziwa na watu wakiwa ndani. Akasema amekificha kwa kila darasa, na wenye mikebe huwa wanagundua wakati wa kufunga, wengine hata hapo hawagundui.

Lakini hakumaliza. "Sasa ukishikwa na malaria? Mwenzako akute turubai yako, atafungaje?"

Alikuwa na haki. Inaniuma kuandika, lakini alikuwa na haki.

Binamu akaomba rangi na brashi. Juu ya kila mkebe akachora alama, zile tunazochoma kwa mifugo ubavuni na kukata kwa masikio. Mkebe wa kiongozi alama yake, wa mapacha yao, wa pampu yake, kisha akawaingiza humo.

"Hizi hata mama yangu anasoma," akasema.

"Na mimi?" mwalimu akauliza.

"Utafundishwa."

Akafundishwa, hapo hapo, mbele yetu. Alikosea mara mbili, na binamu akamwambia huyo umempeleka kwa boma la jirani, watakuja na bunduki. Injini ikafungwa kwa kufuata mikebe, na aliyefunga ni yule mama wa Kakuma, si binamu. Kamba ikavutwa mara tatu. Ikawaka, maji yakaruka kwa kile kitundu cha pembeni.

Mwalimu akaandika kwa daftari lake kwamba binamu amefaulu, na nafasi moja ya karakana ni yake. Mimi akaniambia nitabaki ikiwa nitaomba msamaha. Nikaomba, kwa ziwa lake pia.

Tukatembea mimi na binamu mpaka mahali wanakausha samaki. Habari ilikuwa inanichoma ulimi. Kutoka mbali nilimwona mke wake ameinama kwa meza ya samaki, na kila hatua nilitaka kupiga mbio nimwambie mimi. Nikauma midomo. Ilikuwa yake kusema.

Binamu akasimama mbele yake. "Nimepata," akasema. "Nabaki."

Mke wake hakuacha kugeuza samaki. Alikuwa anatabasamu akiangalia chini.

"Basi shika upande huo," akamwambia. "Wako wengi."